Geysir amelala, Strokkur jirani yake anarusha maji bila kuchoka: sababu ni nini hasa?

#1 Mzaramo wa Aarhus
Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tumerudi juzi kutoka Iceland, likizo fupi tu ya kuunganisha wikiendi na siku chache za ruhusa kazini. Maporomoko tumeyaona, ufukwe mweusi tumeukanyaga, taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, nitazieleza nikiulizwa. Ila kuna jambo moja tumebishana mpaka ndani ya ndege, nikasema hili nalileta jukwaani.

Kule Haukadalur kuna uwanda wa chemchemi za maji moto. Kubwa yao inaitwa Geysir, na ndiyo iliyozipa jina chemchemi zote za aina hiyo duniani. Unafika na hamu zako, unakuta bwawa pana, maji yametulia, mvuke unafuka pembeni, basi. Amelala fofofo. Hatua chache kutoka hapo kuna mwenzake, Strokkur. Huyu hana mchezo. Maji yanapanda na kushuka tunduni, halafu ghafla linavimba kuba la buluu, safi kabisa, nusu sekunde hivi unayaona mapovu yakiwa bado ndani, kisha linapasuka na safu ya maji inaruka mita 15 hadi 20. Baada ya dakika tano au kumi anarudia. Watu wamezunguka kamba, simu juu, na kila mara wanapiga kelele utadhani ndiyo kwanza wanaona.

Sasa ubishi. Dereva wa basi la wazee alisema Geysir aliuawa na watalii kwa sabuni. Mwenye nyumba tuliyolala anasema ni mambo ya matetemeko tu, likija jingine ataamka. Mke wangu anasema ni uchafu umeziba. Mimi nasema moto wa chini umehamia kwa Strokkur. Nani yuko sahihi?

#2 Kiboko Mpole
Yaani mkuu umembeba mke wa watu, mkapanda ndege, mkaenda kubishania bomba lililoziba? Picha ziko wapi?

#3 Ndezi
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#4 Ticha Mstaafu
Tuanze na namna chemchemi hizi zinavyofanya kazi, maana bila hapo tutapiga ramli.

Maji ya mvua na theluji yanapenya ardhini, yanakutana na miamba yenye moto, yanarudi juu kupitia tundu jembamba. Tundu la Geysir lina kina cha zaidi ya mita 20. Maji ya juu yanayakandamiza ya chini, na maji yaliyokandamizwa hayachemki kwa nyuzi 100. Chini kule yanafika 130 na kitu yakiwa bado maji. Ni kanuni ileile ya sufuria ya presha unayopikia maharage. Ikitokea maji kidogo ya juu yamemwagika, presha inapungua, ya chini yanageuka mvuke kwa mkupuo mmoja, na safu yote inafyatuka.

Aliyelipima jambo hili kwanza kwa umakini ni Robert Bunsen, mkemia wa Ujerumani, alipokwenda huko 1846. Ndiye huyohuyo ambaye jina lake limepewa kile kichomeo cha gesi cha maabara ya shule. Kwa hiyo mkuu #1, swali lako lina umri.

Kuhusu sababu ya kulala, mimi naelemea upande wa mkeo, ingawa "uchafu" silo neno ningelitumia.

#5 Shemeji Yenu
Mke mwenyewe nimefika. SIKUSEMA UCHAFU. Nilisema silika, yale madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo. Huyu bwana alikuwa anahangaika na betri ya simu, hakusikiliza.

Maji yale yana silika nyingi iliyoyeyuka. Yakifika juu yakapoa, silika inaganda kwenye kingo, tabaka kwa tabaka. Pale pale chini ya miguu yetu ardhi ilikuwa ya kijivu, ngumu, ina mikunjo midogomidogo, hiyo yote ni silika. Kingo zikipanda, maji ya bwawa nayo yanapanda na kutanuka, yanapoteza joto kwa upepo, na uzito juu ya tundu unaongezeka. Hapo hayachemki tena. Bango lipo palepale linaeleza, sema kusoma ni hiari.

#6 Kiboko Mpole
Shemeji karibu sana. Uzi sasa umenoga. Mzee #1 uko wapi?

#7 Mzaramo wa Aarhus
Nipo. Betri ilikuwa yake.

#8 Chaurembo
Habari ya sabuni si uongo wa dereva. Watu wa huko wenyewe walikuwa wanaimwaga kwenye bwawa ili Geysir aruke mbele ya wageni. Sabuni inalegeza uso wa maji, mapovu yanazaliwa kwa urahisi, mlipuko unakuja. Wakaja kuacha miaka ya 1990 kwa ajili ya mazingira. Mchezo wa kulazimisha kitu kwa miaka na miaka, hamuoni kama unakichosha?

#9 Fundi Mvuke
Wacha niingilie, hii ni kazi yangu ya kila siku. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi kwa visima vya mvuke upande wa Naivasha, na Iceland nilikaa miezi sita kwa yale mafunzo ya jotoardhi ambayo yalianza chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 1979. Wakenya tumepita hapo wengi kweli. Wikendi tulikuwa tunapelekwa Haukadalur kama watoto wa shule.

@Chaurembo umegeuza mkokoteni ukatangulia punda. Sabuni ilitumiwa KWA SABABU alikuwa ameshalala. Tazama historia. Tetemeko la 1896 lilimwamsha. Kufikia 1910 alikuwa anaruka kila nusu saa. 1915 akawa anangojewa kwa muda wa hadi saa sita. 1916 akakaribia kunyamaza kabisa. Mwaka 1935 wakachimba mfereji kwa ule ukingo wa silika ili maji yashuke, akaamka. Mfereji ukaziba kwa silika tena, akalala. 1981 wakauzibua na wakawa wanatia sabuni kwa siku maalum. Halafu Juni 2000 yakaja matetemeko mawili ya kusini, la kwanza tarehe 17, siku yenyewe ya taifa lao. Geysir akaruka mpaka mita 122 kwa siku mbili, baadaye mara nane hivi kwa siku, na ilipofika 2003 alikuwa amebaki na mara tatu. Sasa ni mara moja moja sana.

Kwa hivyo mwenye nyumba yenu amesema ukweli. Tetemeko linatikisa mabomba ya chini, nyufa zinafunguka, maji yanapata njia. Kisha zinajifunga polepole.

#10 Shemeji Yenu
Zinajifunga kwa nini?

#11 Fundi Mvuke
Shemeji, kwa... silika. Lakini bila tetemeko hakuna kuamka!

#12 Shemeji Yenu
Ahsante.

#13 Kiboko Mpole
😂😂😂 Fundi kapigwa na chuma chake mwenyewe.

#14 Mzaramo wa Aarhus
Subirini kwanza. Kama ni silika, mbona Strokkur hazibi? Maji ni yaleyale, uwanda ni uleule. Hapo ndipo ninaposema moto umehama.

#15 Ticha Mstaafu
Swali zuri, ila Strokkur naye alishaziba. Tetemeko la 1789 lilimfungua, lile la 1896 lililomwamsha Geysir likamfunga yeye. Mwaka 1963 wenyeji walitoboa tundu lake kwa mashine, kina cha mita 40 hivi, ndiyo maana mnamwona anafanya kazi leo. Kwa maana nyingine, mnachokipigia makofi kina mkono wa binadamu ndani yake.

Kwa hiyo tetemeko lilelile moja lilimpa huyu na kumnyima yule. Fundi atueleze hapo.

#16 Ndezi
Kumbe Strokkur ni kisima cha kuchimbwa? Basi hata kwetu tunaweza.

#17 Fundi Mvuke
Si kisima, ni tundu la asili lililozibuliwa. Tofauti iko. Na tetemeko si mtu wa haki, halina kipimo cha nani apewe nani anyimwe. Ufa mmoja ukifunguka, wa jirani unaweza kubanwa.

Pia kuna watafiti walioangalia Strokkur kwa vyombo vya kisasa wakaona kwamba chini, kama mita 20 na zaidi, kuna mahali mvuke unajikusanya kabla haujapanda kwa pamoja. Huyo ana mpangilio wake wa chini ambao Geysir hana. Hapo si silika peke yake, Shemeji.

#18 Pweza Mkavu
Mimi nakubaliana na #1. Wapishi wawili jiko moja, mmoja lazima alale njaa. Halafu wakuu, mmeambiwa watalii walikuwa wakitupa mawe humo zamani kuona yakirushwa? Mawe hayo yamekwenda wapi? Mimi naongeza sababu ya tano: mawe.

#19 Chaurembo
Hilo la mawe naliunga mkono. Na isitoshe eneo lile lilishawahi kuuzwa. 1894 alilinunua James Craig, yule mtoto wa tajiri wa wiski aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Ireland ya Kaskazini. Akazungushia uzio, akatoza kiingilio. 1935 ndipo mtu mmoja wa Iceland akalinunua na kuwapa wananchi. Sasa hebu niambieni, kati ya miaka ya mzungu na uzio wake, Geysir alilala lini? 1916. Chemchemi ilisusa.

#20 Kiboko Mpole
Sababu ya sita: kususa. Naandika.

#21 Bint Maskat
Assalaam alaykum. Mimi mambo ya silika niwaachie wenyewe. Nataka kujua chakula. Tunafikiria kwenda mimi na mume wangu, na huku Maskat watu wanasema kule ukila samaki tu huna wasiwasi. Na ile soseji ya kondoo inayosifiwa mitandaoni?

#22 Shemeji Yenu
Waalaykum salaam dada. Samaki kula bila hofu, chewa wao ni mtamu na wana rojo la samaki na viazi ambalo mimi nilirudia. Supu ya kondoo nayo ipo kila mahali, uliza tu nyama imechinjwa wapi. Soseji iache. Wanasema ya kondoo, na kweli kondoo ni mwingi, lakini ndani mnachanganywa na nguruwe na ng'ombe.

Kuna na mkate mweusi wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, wanautia ndani ya chungu cha bati na kuufukia kwenye mchanga wa moto kando ya ziwa pale Laugarvatn. Unakaa saa 24 ardhini. Tulisimama pembeni ya yule kijana akiwa na sepetu, anafukua, mvuke unamfunika mpaka miwani haioni, anaiosha bati ziwani, anakata. Unakaribia kuwa keki. Na siagi juu yake inayeyuka kabla hujafikisha mdomoni.

#23 Pweza Mkavu
Mambo ya samaki ndiyo yangu. Mnajua kuwa wale jamaa wana ng'onda? Vichwa vya chewa vinakaushwa, siku hizi kwa joto hilohilo la ardhini, na wateja wakubwa ni Wanaijeria. Supu za Lagos zimetiwa vichwa vya Iceland. Sisi Tanga tunakausha kwa jua la bure na hatumuuzii mtu.

#24 Ndezi
Papa aliyeoza je? Nasikia wanamla.

#25 Mzaramo wa Aarhus
Nilijaribu kipande kimoja, kidogo kuliko kete ya bao. Harufu ya amonia inakupanda puani kabla hujatafuna. Mke wangu alisogea meza ya pili.

#26 Shemeji Yenu
Ya tatu.

#27 Mtoto wa Goma
Jambo kwenu wote. Miye niko Goma, nasoma hii uzi tangu asubui. Munasemaka juu ya harufu ya mayai yenye kuoza kule Iceland, mutu anafungula maji ya moto ya bafuni inanuka. Ile ni salfa, pua inakuonya. Kwetu huku iko gazi ingine tunaitaka jina mazuku, inatoka chini ya udongo mahali pa bonde, haina harufu, inauaka mbuzi na watoto bila kelele. Hata wanasayansi wa Ulaya wanaandika hiyo jina "mazuku" vile vile.

Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, tukakimbia usiku, wamoja Sake, wamoja Gisenyi. Mwaka wa 2002 lava ilipita katikati ya muji mpaka ku ziwa. Sasa miye nauliza: kule Iceland watu wanaendaka kutembelea volkano kama vile wanaenda sinema. Yao haiue?

#28 Kiboko Mpole
Pole sana kaka. Ya kwao ni ya utalii, unakata tiketi unaangalia.

#29 Ticha Mstaafu
Kiboko, hapo nakukatalia. Mwaka 1783 ufa wa Laki ulifunguka na kutema moto na gesi kwa miezi minane. Sumu ilishuka kwenye majani, mifugo mingi ya kisiwa kizima ikafa, na njaa ikaondoka na karibu moja ya tano ya watu wote. Ukungu wake ulifika Ulaya. Wapo wanasayansi wanaoamini kwamba ulivuruga hata mvua za Afrika, Mto Nile ukapungua, Misri ikaona njaa. Kwa hiyo sehemu ya dhambi za Laki ilitua bara letu.

Na hivi karibuni, Novemba 2023, mji wa Grindavík ulihamishwa wote usiku mmoja, watu elfu tatu na mia kadhaa, barabara zikapasuka katikati. Kuanzia Desemba mwaka huo milipuko imekuwa ikija na kuondoka. Nyumba kadhaa zililiwa na lava Januari 2024.

Tofauti na Goma, kaka yangu, ni kwamba Iceland nzima ina watu chini ya laki nne, na lava yao ikija mara nyingi inakuta mawe matupu. Goma ina watu milioni na zaidi wamekaa mguuni pa mlima.

#30 Mtoto wa Goma
Aksanti Mwalimu. Hapo nimeelewa.

#31 Fundi Mvuke
Na musisahau 2010. Eyjafjallajökull ilikuwa chini ya barafuto. Lava ikakutana na barafu, ikasagika kuwa majivu laini, anga ya Ulaya ikafungwa karibu wiki. Sisi hapa Naivasha tuliiona volkano hiyo bila kupanda ndege: maua ya waridi yalikatwa, yakafungwa, hakuna ndege ya kwenda Amsterdam, yakamwagwa kwa mashimo marundo marundo. Jirani yangu alikuwa mpakizi kwa shamba moja, akaambiwa akae nyumbani mpaka moshi wa Wazungu uishe.

Hii ya Grindavík haina barafu juu yake, ndiyo maana ndege zinaendelea kutua Keflavík, mwendo mfupi tu kwa gari.

#32 Chaurembo
Na lile bwawa la buluu lenye maji kama maziwa, Blue Lagoon, liko hapohapo karibu. Maajabu ya asili haya, Mungu fundi.

#33 Ticha Mstaafu
Mungu fundi, lakini lile si la asili. Ni maji yanayotoka kwenye mtambo wa umeme wa Svartsengi uliojengwa miaka ya 1970. Yakishatumika yakamwagwa kwenye mawe ya lava, silika ikaziba matundu ya mawe, bwawa likajitengeneza.

#34 Shemeji Yenu
Najua, na niliingia. Ngozi ilikuwa laini. Nywele zikawa kama ufagio wa chelewa maana silika inaganda humo pia (mnaona sasa?). Dada Bint Maskat, funga nywele juu na usizitie majini, na pale kuna vyumba vya kuogea vyenye mlango.

Kwenye mabwawa ya kawaida ya mtaani jiandae. Sheria ni kuoga kwanza na sabuni bila nguo yoyote, wanawake upande wao, wanaume wao, wote ukumbi mmoja. Kuna mchoro ukutani unaoonyesha sehemu za kusugua, na mama mlinzi anahakikisha.

#35 Kiboko Mpole
Mzaramo, wewe ulifanyaje? Usikwepe.

#36 Mzaramo wa Aarhus
Niliingia nimejifunga taulo. Mzee mmoja, umri wa babu yangu, akanionyesha mchoro kwa kidole. Mengine ni siri ya taifa.

#37 Bint Maskat
Hahaha, mume wangu amesoma hili ameanza kusema twende Uturuki. Na saumu? Nasikia kiangazi jua halizami.

#38 Ticha Mstaafu
Juni Reykjavík jua linazama karibu na usiku wa manane na kuchomoza muda si mrefu, na giza halipo. Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia humo, mfungo ukakaribia saa 22. Desemba ni kinyume, mwanga unadumu saa nne na ushee tu kwa siku. Ukitaka taa za kaskazini nenda kati ya Septemba na Aprili.

#39 Ndezi
Hizo taa sasa. Mkuu #1 ulisema utaeleza ukiulizwa. Nakuuliza. Zile rangi za kwenye picha ni kweli au ni programu ya simu?

#40 Mzaramo wa Aarhus
Tuliziona usiku wa pili, tumeegesha gari nje ya Vík. Kwanza ulikuwa ukanda mweupe, nikadhani wingu. Mke wangu akapiga picha, kwenye simu likatoka kijani kibichi. Baadaye zikapata nguvu, zikaanza kutembea, hapo na sisi tukaona kijani kwa macho, na chini yake ukingo wa zambarau kidogo. Zinakimbia, zinajikunja, hazina sauti.

#41 Chaurembo
Kwa hiyo simu inadanganya.

#42 Fundi Mvuke
Haidanganyi. Jicho letu gizani haligundui rangi vizuri, kamera inafungua kilango kwa sekunde kadhaa inakusanya mwanga. Kijani ni hewa ya oksijeni inayogongwa na chembe za jua kwa kimo cha kilomita mia na kitu. Nyekundu ni oksijeni pia ila ya juu zaidi. Zambarau ni naitrojeni.

#43 Chaurembo
Kitu ambacho jicho halioni na kamera inaona, mimi bado nakiita chai.

#44 Pweza Mkavu
Na wale watu wa siri? Nasikia kuna viumbe wanaishi ndani ya mawe, serikali inapindisha barabara kuwakwepa.

#45 Shemeji Yenu
Tuliambiwa, ndiyo. Huldufólk. Mwenye nyumba yetu alisema yeye haamini, lakini jiwe lililo nyuma ya gereji yake halivunji.

#46 Bint Maskat
Majini hao. Na hapo ndipo jibu la Geysir lilipo 😄

#47 Kiboko Mpole
Sababu ya saba: majini. Silika, tetemeko, sabuni, moto kuhama, mawe, kususa, majini. Kura?

#48 Mzaramo wa Aarhus
Kabla ya kura, faida moja ya kule: hakuna mbu. Nchi nzima. Tumelala dirisha wazi.

#49 Ndezi
Hiyo ilikuwa zamani mkuu. Oktoba 2025 wamepatikana watatu huko Kjós, kaskazini kidogo ya Reykjavík. Jike wawili na dume mmoja. Walinaswa kwenye kamba iliyolowekwa mvinyo, aliyeitega alikuwa anatafuta nondo. Si mbu wa malaria lakini.

#50 Pweza Mkavu
Kisiwa kizima kimeishi bila mbu tangu dunia iumbwe, wa kwanza wanafika na moja kwa moja baa.

#51 Shemeji Yenu
Mimi nilichokipenda kuliko vyote ni Þingvellir. Bunge lao lilianza pale mwaka 930, nje, kwenye mawe. Na unasimama mguu mmoja Amerika mwingine Ulaya.

#52 Ticha Mstaafu
Mama, samahani kwa hilo la miguu. Ule ukuta mrefu mliopita chini yake, Almannagjá, ni ukingo wa bamba la Amerika Kaskazini, yaani pande kubwa la ganda la dunia. Bamba la Ulaya na Asia liko ng'ambo ya bonde, kilomita kadhaa. Katikati ni ardhi inayonyooshwa na kuzama taratibu. Yanaachana kwa sentimita mbili hivi kwa mwaka. Lile tangazo la kugusa mabara mawili kwa mikono ni la wanaouza safari za kupiga mbizi.

#53 Kiboko Mpole
Hatimaye Shemeji amepatikana.

#54 Shemeji Yenu
Mwalimu ahsante. Lakini picha nimeshaituma kwa mama mkwe na maelezo yake, sitaifuta.

#55 Fundi Mvuke
Hapo kwa mabamba ndipo Bonde la Ufa letu linaingia. Ni kazi hiyohiyo, ardhi inapasuka, moto unapanda. Ila mabamba pekee hayatoshi kueleza Iceland, maana huo ufa wa Atlantiki umelala chini ya bahari karibu kote. Kilichokinyanyua kisiwa ni mkondo wa miamba moto unaopanda kutoka chini sana, umekutana na ufa mahali pamoja. Wapo wataalamu wanaobishana mkondo huo unaanzia kina gani.

Na kwa vile mumetaja maji kupanda: nenda Ziwa Bogoria, huku Kenya. Chemchemi zetu zinazoruka zilikuwa ukingoni, watu wanachemsha mayai. Ziwa likapanda, baadhi zimefunikwa kabisa. Silika haikuhusika, tetemeko halikuhusika. Maji baridi tu yamekalia tundu. Kwa hivyo Geysir naye bwawa lake likipungua...

#56 Shemeji Yenu
Bwawa lilipanda kwa sababu gani, Fundi?

#57 Fundi Mvuke
Ukingo.

#58 Shemeji Yenu
Wa nini?

#59 Fundi Mvuke
Natoka kidogo, nina kisima cha kuangalia.

#60 Chaurembo
Asikimbie. Hata hivyo Shemeji, kama ni ukingo tu, ule mfereji wa 1935 na wa 1981 ungemaliza kazi. Leo si waupanue? Mbona hawafanyi?

#61 Ticha Mstaafu
Kwa sababu sasa hivi wanaona afadhali asiguswe. Lakini hoja yako ina uzito, mfereji ulisaidia kwa muda tu. 2000 hakuna aliyechimba chochote na akaruka kuliko wakati wowote tunaoukumbuka.

#62 Ndezi
Wakuu mimi swali langu ni dogo. Usafiri. Treni zipo?

#63 Mzaramo wa Aarhus
Treni hakuna nchi nzima. Kodi gari. Barabara namba 1 inazunguka kisiwa, kilomita 1,300 na zaidi, lami yote, mwisho kasi 90. Zile zenye herufi F usiingie bila gari la kuvuta magurudumu yote manne. Bima ya mchanga na majivu chukua, upepo unakwangua rangi ya gari mpaka bati.

#64 Pweza Mkavu
Na ufukwe mweusi? Mimi ni mtu wa bahari, siogopi mawimbi.

#65 Shemeji Yenu
Reynisfjara uogope. Mawimbi yanakuja madogo madogo, halafu moja linapanda mpaka walipokaa watu na mizigo yao. Wamekufa wageni pale. Kuna bango lenye taa, ikiwa nyekundu usishuke mchangani. Tulimwona kaka mmoja amegeuzia bahari mgongo anajipiga picha na zile nguzo za mawe, mkewe anamwita kwa lugha tusiyoijua, tukaelewa kila neno.

#66 Kiboko Mpole
Picha jamani. Posti ya 66 hii na bado sijaona hata mvuke.

#67 Mzaramo wa Aarhus
Zinagoma kupanda, kila moja ni kubwa. Jioni nitazipunguza. Na kuhusu mlango wa gari, Ndezi: ukifungua shika kwa mikono miwili, elekeza pua ya gari kwenye upepo. Wa kwetu ulichomoka mkononi mwa mtu fulani pale Skógafoss, bawaba ikapinda, tukalipa.

#68 Shemeji Yenu
Mtu fulani alikuwa ameegesha kinyume na upepo.

#69 Fundi Mvuke
Nimerudi. Nimeongea na mwenzangu tuliyesoma naye kule. Yeye anasema ni joto la uwanda mzima linapungua polepole, silika na tetemeko ni nyongeza tu.

#70 Kiboko Mpole
Ya nane. Endeleeni.